HB (wingi wa damu) 8.6, mimba wiki ya 28, na tumbo halipandi. Naombeni mawazo

Fundi_wa_Pasua, Jumanne saa 2:14 usiku

Habari zenu wapendwa. Mimi ni fundi cherehani, nipo Pasua hapa Moshi, mimba ya pili, leo nina wiki 28 na siku mbili. Naandika nikiwa nimeegemea cherehani maana nikiinama kutunga uzi kwenye sindano macho yanaingia giza.

Nianze na wa kwanza ili mnielewe. Alizaliwa miezi imetimia, siyo njiti, lakini alikuwa na kilo 2.1. Mkunga alimweka kwenye mzani mara mbili akidhani mzani umekosea. Amekua, sasa yuko chekechea na anaongea kumshinda baba yake, ila ile miezi mitatu ya mwanzo sitaki hata kuikumbuka. Kwa hiyo safari hii nilijiapiza nitafanya kila kitu sawasawa.

Kliniki nilianza wiki ya 13. Kituo nilichoanzia, vitendanishi vya kupima wingi wa damu vilikuwa vimeisha. Nesi akaacha kile kisanduku kwenye kadi kitupu, akanivuta kope la chini akasema "huku pekundu, uko vizuri". Mara ya pili, vilevile. Nimekuja kupimwa wiki iliyopita tu baada ya kuhamia kliniki nyingine: 8.6. Yule nesi akachukua futi akanipima tumbo, futi ileile ninayopimia viuno vya wateja, akapata sentimita 25. Akanyamaza. Akapima tena. Nikatumwa ultrasaundi: mtoto gramu 1,020, moyo unapiga vizuri, maji yapo ya kutosha, daktari akasema "ni mdogo kidogo, tutamwangalia tena baada ya wiki tatu, nne". Mdogo kidogo ndiyo kiasi gani jamani?

Vidonge vya damu nilipewa tangu mwanzo na naendelea navyo. Kula nakula. Asubuhi chai ya maziwa na maandazi mawili, mchana kiburu au wali maharage, jioni ugali na mnafu. Mama mkwe anashuka kutoka Kibosho kila Jumamosi na hotipoti ya kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, anakaa mbele yangu mpaka nimalize. Dada wa saluni jirani ananiletea juisi ya rozela iliyochanganywa na bitiruti. Na duka la dawa nimenunua vidonge vya foliki (vitamini ya damu) vya kuongezea.

Swali langu: damu kuwa chache ndiyo inayomzuia mtoto asikue, au ni mambo mawili tofauti? Na kama ndiyo, bado kuna muda?

---

Mama_Wawili_Majengo, saa 2:31 usiku

Pole shoga. Usiiache hiyo rozela, mimi ilinipandisha toka 9 mpaka 11. Kunywa glasi asubuhi na jioni. Mungu ni mwema.

---

Mangi_wa_Machame, saa 2:40 usiku

Kisusio kinatosha. Bibi zetu walizaa watoto kumi bila vidonge. Mnawasikiliza sana hawa wazungu.

---

Mkunga_Mstaafu, saa 3:22 usiku

Mangi, bibi yako alizaa kumi akazika wangapi? Muulize baba yako, halafu urudi.

Sasa nawe fundi. Mimi nimestaafu, nimezalisha miaka 31, Kilimanjaro na Manyara. Nitakujibu kwa kirefu kidogo, kaa vizuri.

Ni mambo mawili yanayoshikana. Mtoto kila anachopata kinapita kwenye kondo la nyuma. Oksijeni yake inabebwa na chembe nyekundu za damu yako, na kile kilichomo ndani ya chembe kinachoishika oksijeni, yaani hemoglobini, ndiyo hiyo HB, hakijengeki bila madini ya chuma. Chembe zikipungua, mzigo unaofika kwenye kondo unapungua. Lakini mtoto si mnyonge kiasi hicho. Hemoglobini yake ni ya aina yake, inaivuta oksijeni kwa nguvu kuliko ya kwako, na chuma pia anakichukua kwanza, wewe unabaki na makombo. Ndiyo maana wewe unaona giza ukitunga uzi, na yeye moyo wake unapiga vizuri.

Anavumilia hivyo mpaka anafika mahali hawezi. Nimeshika makondo ya akina mama wenye damu chache. Unakuta kondo pana, zito, halafu mtoto mwenyewe kilo mbili na kidogo. Kondo limejitanua kutafuta njia ya kufidia. Ukiliona jambo hilo mara moja huhitaji mtu akueleze tena.

Kuhusu namba: mjamzito akiwa chini ya 11 tunasema ana upungufu wa damu. Kati ya 7 na 9.9 ni upungufu wa kati, na ndiko uliko. Chini ya 7 ni mkali, huyo tunamlaza. Kumbuka lakini kwamba damu ya mjamzito lazima ichujuke kidogo. Maji ya damu yanaongezeka karibu nusu nzima, chembe zinaongezeka kwa robo hivi, kwa hiyo ni kama uji ulioongezwa maji kuliko unga. Hilo ni la kawaida na lina faida, damu nyepesi inapita vizuri kwenye kondo. Ila kuchujuka peke yake hakukufikishi 8.6.

Na usihukumu kwamba ni damu tu. Mtoto anaweza kuwa mdogo kwa sababu ya presha, malaria iliyojificha kwenye kondo, au tarehe zilizohesabiwa vibaya. Tarehe yako ya mwisho ya hedhi una uhakika nayo?

Na swali la pili, unijibu ukweli, hapa hakuna anayekujua. Choo chako kina rangi gani?

---

Mama_Wawili_Majengo, saa 3:25 usiku

Choo tena mama? 😂

---

Mkunga_Mstaafu, saa 3:27 usiku

Choo. Yeye ananielewa.

---

Fundi_wa_Pasua, Jumatano saa 12:50 asubuhi

Shikamoo mama. Nililiona swali lako jana nikazima simu. Usingizi haukuja.

Tarehe nina uhakika nayo, niliiandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja.

Choo ni cha kawaida. Kahawia.

Alfajiri hii nimefungua droo ya kulia ya cherehani, ile ninayowekea vifungo. Vidonge vimo humo. Nimevihesabu, 71, kati ya 80 nilizopewa. Bahasha imechanika, vimechanganyika na vifungo vya mashati na vimeipaka rangi zipu nyeupe ya mtu. Nilimeza siku tisa tu. Vilikuwa vinanitia kichefuchefu, na mdomoni ladha kama nimelamba sarafu, nikawa nasema nitaanza kesho. Kliniki nikiulizwa nasema nameza, kwa sababu siku ya kwanza dada aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alisema hamezi, akagombezwa mpaka sisi wa kwenye benchi nje tukawa tunaangalia chini.

Hata hapa nimeandika "naendelea navyo". Sijui nilikuwa namdanganya nani, maana hamnijui.

Na kwenye droo hiyohiyo kuna pemba, ule udongo wa kutafuna. Natafuna kipande kimoja kwa siku. Sawa, vinne.

---

Mkunga_Mstaafu, saa 1:35 asubuhi

Marahaba mwanangu. Sitakugombeza. Ningekugombeza mwaka 1994, nilipokuwa kijana na nikidhani sauti kubwa ni dawa.

Anayemeza chuma choo chake kinakuwa cheusi. Ndiyo maana niliuliza, na ndiyo maana wengi wakiona weusi huo wanaogopa na kuacha. Ni mabaki ya chuma kilichobaki tumboni, hayana madhara.

Pemba iache. Hiyo hamu ya udongo mara nyingi ni mwili wenye njaa ya chuma, halafu udongo wenyewe unakishika chuma kidogo ulichokula unatoka nacho. Na ndani yake kunaweza kuwa na risasi na mayai ya minyoo. Ukianza kumeza vidonge vizuri hamu itapungua yenyewe.

Sasa hesabu. Mimba nzima inadai chuma kama miligramu 1,000. Nusu hivi inatengeneza chembe zako mpya, 300 hivi zinakwenda kwa mtoto na kondo, nyingine mwili unapoteza tu. Mnafu wako una chuma, lakini cha mboga kinanyonywa kidogo sana. Kwa ugali na mboga huwezi kulipa deni hilo kwa wiki 12 zilizobaki. Kidonge kimoja cha FEFO, hivyo vya chuma na foliki ulivyopewa kliniki, kina chuma miligramu 60. Kwa HB yako kawaida tunatoa viwili kwa siku, halafu damu ikirudi unashuka kwenye kimoja. Uliandikiwa vingapi safari hii?

Na ulikuwa unavimeza saa ngapi zile siku tisa?

---

Fundi_wa_Pasua, saa 1:52 asubuhi

Safari hii wameandika viwili, asubuhi na jioni. Zile siku tisa nilikuwa nameza asubuhi na chai.

---

Mkunga_Mstaafu, saa 2:10 asubuhi

Chai ya maziwa! Basi hata hizo tisa ulizitupa nusu. Ule ukakasi wa majani ya chai unakikamata chuma tumboni, na maziwa nayo yanakizuia. Kahawa ni hivyohivyo, na wewe uko Moshi kwa hiyo nakutajia kabisa.

Fanya hivi. Kimoja usiku unapopanda kitandani, muda wa saa mbili tangu umalize kula, na chungwa au pera. Kichefuchefu kikija kitakukuta umelala. Cha pili saa nne asubuhi, katikati ya kazi, na maji yenye ndimu. Chai yako kunywa, sikunyimi, lakini iwe saa moja au mbili mbali na kidonge, na mbali na chakula cha mchana pia. Choo kikiwa kigumu kula papai, kunywa maji. Kama tumbo bado linakusumbua meza pamoja na chakula kidogo. Kunyonywa kutapungua, lakini kidonge kilichoingia tumboni ni bora kuliko kilichoingia kwenye droo.

Kisusio cha mama mkwe usikikatae. Damu ya mbuzi haiwi damu yako, tumbo linaivunjavunja kama nyama, ila chuma cha mnyama kinanyonywa vizuri kuliko cha majani. Muhimu iwe imeiva, isiwe inateleza. Mangi, hapo nakupa pointi moja.

Rozela: ukiimwagia shuka jeupe linakuwa jekundu, na shuka halijapata damu. Halafu ina ukakasi kama wa chai. Mama Wawili, HB yako ilipanda, sikatai, lakini na vidonge ulikuwa unameza?

---

Mama_Wawili_Majengo, saa 2:44 asubuhi

Nilikuwa nameza mama 🙈

---

Maabara_Ngarenaro, saa 4:05 asubuhi

Niongeze kidogo, mimi ni mtu wa maabara hapa Arusha.

Dada fundi, walipokutoboa kidole walikiminya? Kidole kikiminywa sana kinatoa na majimaji ya nyama, damu inachujuka na namba inashuka. Tone la kwanza linafutwa, linalofuata linatoka lenyewe. Ukiweza, wakutoe damu ya mshipani wakufanyie picha kamili ya damu. Chembe zikionekana ndogo na zimepauka, ni chuma. Zikiwa kubwa kuliko kawaida tunafikiria foliki au vitamini B12. Zikiwa na umbo la mundu hiyo ni hadithi nyingine, na kumlundikia mtu huyo vidonge vya chuma bila kupima si sawa.

Jambo ambalo wengi hawalijui: anayeishi mlimani mwili wake unatengeneza damu nyingi kidogo kwa sababu hewa ni nyepesi. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024, sisi wa Arusha tunaoishi mita elfu moja na mia kadhaa juu ya bahari tunapunguza 0.8 kabla ya kulinganisha. Moshi mjini mko chini ya mita 1,000, ni 0.4. Kwa hiyo 8.6 yako ichukulie kama 8.2 ya mtu wa Tanga. Bado uko kwenye upungufu wa kati, lakini usijifariji na hiyo .6.

Pia Pasua mko jirani na mashamba ya mpunga ya Mabogini. Malaria huku kwetu imepungua lakini mbu hawajahama. Omba kipimo, na uliza kama umeshapewa dawa ya minyoo. Minyoo ya safura inanyonya damu kimyakimya.

Hizo foliki ulizonunua ni miligramu ngapi?

---

Fundi_wa_Pasua, saa 4:20 asubuhi

Zimeandikwa 5. Walininyonga kidole kweli, mpaka kikawa cheupe.

---

Mkunga_Mstaafu, saa 5:02 asubuhi

Hizo za 5 ziweke pembeni, umwonyeshe nesi. FEFO ina foliki 0.4 ndani yake, inatosha mjamzito wa kawaida. Hizo kubwa zina watu wake, na zinaipunguzia nguvu SP, ile dawa ya kukinga malaria unayopewa kliniki. Unalipa hela kuharibu dawa ya bure.

Ahsante kijana wa maabara, hilo la urefu wa mlima hata mimi sikufundishwa enzi zetu.

---

Mwalimu_Himo, saa 7:40 mchana

Naomba niseme langu maana ni kinyume. Mimi nilikuwa na HB 13.8 wiki ya 30. Nilipongezwa, nikaambiwa "damu unayo ya kugawa". Nilitembea mabega juu. Wiki mbili baadaye presha 150 kwa 100, miguu imejaa, na mtoto akatolewa wiki ya 36 akiwa na kilo 1.9. Hakuna aliyeniambia kama hiyo damu nyingi ilihusika.

---

Mkunga_Mstaafu, saa 8:15 mchana

Pole mwalimu. Ule uji niliousema: wako haukuongezwa maji. Namba inakuwa juu kwa sababu damu ni nzito, siyo kwa sababu chembe ni nyingi, na damu nzito inapita kwa shida kwenye mishipa midogo ya kondo. Mara nyingi inaandamana na presha na mtoto kudumaa tumboni. Kwa hiyo tumboni mwa mama namba ya chini sana inamwumiza mtoto na ya juu sana pia inamwumiza. Walipaswa kuangalia presha na mkojo kabla ya kukupigia makofi.

Fundi, presha yako imeandikwa ngapi kwenye kadi?

---

Fundi_wa_Pasua, saa 8:30 mchana

108/66. Mkojo wameandika hauna protini. Miguu haijavimba.

---

Mkunga_Mstaafu, saa 8:41 mchana

Hapo nimepumua.

Sasa nikuambie kinachoninyima usingizi zaidi ya uzito wa mtoto, maana kila mtu hapa anaongelea mtoto. Ni wewe. Kujifungua kwa kawaida unaweza kupoteza nusu lita ya damu na ukaamka ukala mtori. Mwenye HB 8 akipoteza kiasi hicho hicho anaishiwa. Nimewaona. Tunataka ufike wiki ya 36 ukiwa na akiba. Rudia kipimo baada ya wiki nne. Kama hakijapanda, usikubali kuambiwa "endelea tu". Uliza kwa nini, na uliza kama kuna chuma cha kuingiza mshipani, hospitali kubwa wanacho. Kujifungulia uende hospitali penye damu na wa kuiongeza.

Ukiona unahema umekaa, moyo unakimbia, kichwa kinauma usichokielewa, au mtoto amepunguza kucheza, usije kutuuliza hapa. Chukua bajaji.

---

Mangi_wa_Machame, saa 2:05 usiku

Nimemuuliza baba. Walizikwa wanne.

---

Fundi_wa_Pasua, wiki tano baadaye, Jumapili saa 10:12 jioni

Shikamoo mama mkunga, na wote habari zenu. Nimerudi, wiki 33.

Nilimeza. Simu inalia saa nne kamili asubuhi, wateja wameshazoea, kuna mmoja hunikumbusha "dawa yako fundi" kabla simu haijalia. Choo cheusi kama lami ya barabara ya Arusha. Nilipewa dawa ya minyoo, malaria haikuwepo. Damu ya mshipani ilionyesha chembe ndogo zilizopauka, kama ulivyosema kaka wa maabara. Kwa yule nesi nilikiri habari ya droo. Alicheka, akasema angalau sikuvimwaga chooni kama wengine.

HB Ijumaa: 10.1. Tumbo sentimita 31. Ultrasaundi mtoto gramu 1,890, daktari amesema anafuata mstari wake. Bado hajawa mnene, ila amepanda. Pemba nimeacha tangu wiki ya tatu, kuna siku nilipita Mbuyuni nikaona zimepangwa nikajikuta hata sizitamani. Sindano natunga uzi mara moja.

Mama mkwe ameshaanza kuongelea mlaso wa uzazi, kile chakula cha damu anachopewa mzazi. Nimemwambia nijifungue kwanza.

---

Mkunga_Mstaafu, saa 11:30 jioni

Marahaba, marahaba! Endelea viwili mpaka uguse 11, halafu kliniki watakushusha. Na ukishajifungua usiache siku ileile, endelea navyo kwa muda watakaokupangia.

Moja la mwisho. Mtoto wa mama aliyekuwa na upungufu anazaliwa na akiba ndogo ya chuma. Siku ya kujifungua, kama wewe na yeye mko salama, waombe wasikate kitovu haraka, wasubiri dakika moja hadi tatu. Damu iliyobaki kwenye kondo inamwingia, ni yake. Ukiwa kwenye uchungu utasahau, kwa hiyo mwambie atakayekusindikiza.

---

Fundi_wa_Pasua, saa 11:48 jioni

Nitasindikizwa na mama mkwe, huyo hasahau kitu. Ila nimeandika pia juu ya kadi: KITOVU MSIKATE HARAKA. Nilianza na chaki ya kitambaa ikafutika, nikachukua kalamu.